Kalamu Ibaki Mkononi Mwake

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo sikualika mgeni, maana mgeni ninaye humu humu studio. Dada Rehema, wengi hawajui kwamba jioni zako nyingine unazimalizia maktaba, ukifundisha watu wazima kusoma na kuandika.

REHEMA: Ni kweli, kaka. Ila niseme mapema, ualimu sikuusomea. Nilipewa mafunzo mafupi, nikapewa na mtu wa kufundisha, basi. Kazi hii kwa kawaida ni ya ana kwa ana, au vikundi vidogo.

BARAKA: Kwa nini maktaba? Si kuna madarasa ya kisomo?

REHEMA: Yapo, na yanafanya kazi yake. Lakini mtu akionekana anaingia darasa la kisomo, kila mtu anajua amefuata nini. Akiingia maktaba, nani ajue? Huenda kaja kusoma gazeti. Kwa mtu aliyeficha jambo hili nusu ya maisha yake, hiyo nafuu ni kubwa kuliko unavyofikiri.

BARAKA: Wanafichaje? Maana siku hizi kila kitu ni maandishi.

REHEMA: Aa, mbinu ziko tele. "Nimesahau miwani." "Nijazie wewe, mwandiko wangu mbaya." "Fomu nitaipeleka nyumbani niisome kwa utulivu." Wengine hata wenzi wao hawajui. Na hii inataka akili, sikutanii. Mtu ana namba za simu kichwani, anapiga hesabu za fedha bila karatasi, anatambua basi kwa rangi. Anayewaita wajinga hajawahi kukaa nao.

BARAKA: Hiyo ya miwani nimeisikia mara nyingi.

REHEMA: Sasa sikia kichekesho chake: wakati mwingine ni kweli! Mtu akivuka miaka arobaini hivi, macho huanza kushindwa kuona vya karibu. Unaweza kuhangaika naye na silabi wiki nzima, kumbe herufi zenyewe anaziona ukungu. Kwa hiyo miye naanzia hapo. Naandika kwa herufi kubwa, namsogeza kwenye mwanga, na nikiona anaisukuma karatasi mbali namshauri akapime macho.

BARAKA: Halafu ndiyo mnafungua kitabu.

REHEMA: Bado. Namwuliza amefuata nini. Mmoja anataka kusoma maelezo ya dawa ya mtoto. Mwingine amechoka kumpa mtu simu amsomee ujumbe wake, maana mwingine ni wa siri. Yuko wa kitabu cha dini, yuko anayetaka kutia saini badala ya kuweka dole gumba. Hapo ndipo masomo yanapoanzia. Ukimpa mtu mzima kitabu cha sungura na fisi, atakuheshimu, atasoma, na hatarudi.

BARAKA: Hapa wasomi watamtaja Paulo Freire, yule mwalimu wa Brazili aliyefundisha watu wazima kusoma.

REHEMA: Wana haki. Mwaka 1963, mjini Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazili, kundi lake lilifundisha wafanyakazi wapatao 300 kwa saa 40 hivi. Walichukua maneno ya maisha ya watu, kama neno lao la tofali, *tijolo*. Wanalijadili kwanza: nani anajenga, nyumba ni ya nani. Kisha wanalivunja silabi: ta, te, ti, to, tu. Na ujue, Brazili ya wakati ule asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura. Jeshi lilipopindua serikali mwaka 1964, mpango ukazimwa, naye akafungwa, kisha akaenda uhamishoni.

BARAKA: Kwa ajili ya silabi!

REHEMA: Kwa ajili ya silabi, ndiyo.

BARAKA: Sisi wa Kiswahili ba-be-bi-bo-bu tunaifahamu. Kwa hiyo kazi ni nyepesi?

REHEMA: Kuanza ni kwepesi. Irabu tano, kila moja na sauti yake, unatamka ulichokiona. Vikwazo ni vichache: ng na ng', mb, nd, na ile m inayosimama peke yake, mtu anasoma "mu-tu" badala ya "mtu". Tatizo lenyewe liko mbele. Kwa kuwa lugha yetu inatamkika kirahisi, mtu anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti, vizuri kabisa, asipate kitu. Anakusomea "kidonge kimoja kutwa mara tatu". Unamwuliza, kwa siku ni vidonge vingapi? Kimya. Nguvu zote zimeishia kwenye kuunganisha silabi.

BARAKA: Na mwalimu ameshapiga makofi.

REHEMA: Makofi yapo, mtu amejitahidi! Lakini kila sentensi lazima ifuatwe na swali. Njia ninayoipenda ni kumwacha anisimulie jambo lake, sentensi tatu nne, nami naandika maneno yake vile vile alivyosema. Kisha anayasoma. Maana anayo tayari, kwa hiyo kichwa kinabaki na nafasi ya herufi. Na usimrekebishie usemi wake uwe sanifu. Akiona maneno ambayo hakuyasema, anaanza kubahatisha.

BARAKA: Kigumu zaidi kwako wewe mwenyewe?

REHEMA: Kunyamaza. Amekwama kwenye neno, midomo inacheza, nawe unalijua, limekujaa mdomoni. Ukilisema umemnyang'anya. Kalamu nayo ni hivyo hivyo, usiichukue. Nakaa ubavuni pake, si mbele yake, tukitazama karatasi moja, na kalamu inabaki mkononi mwake hata kama mstari unapanda mlima.

BARAKA: Na akija na barua? Ya benki, ya mahakama?

REHEMA: Zinakuja. Iliyo na tarehe ya karibu naisoma naye siku hiyo hiyo, na ya kisheria namwelekeza kwa wanaoijua sheria. Yaliyomo hayatoki mezani. Lakini nikimsomea kila wiki, nimekuwa ile miwani aliyokuwa akisingizia kuisahau. Kwa hiyo natafuta sehemu yake: leo tafuta tarehe, tafuta jina lako, tafuta kiasi. Kesho sentensi.

BARAKA: Wanaacha?

REHEMA: Wengine, ndiyo. Zamu za kazi zinabadilika, mtoto anaugua, nauli inakosekana. Mara nyingi uvivu haumo. Mtu akipotea nampigia, simgombezi. Napiga simu, kaka, sitaki kusikia mtu kamtumia ujumbe wa maandishi!

BARAKA: (anacheka) Hiyo ingekuwa mtihani.

REHEMA: Baadaye sana, namtumia kwa makusudi. Maneno mawili, matatu. Akijibu, hata kwa "ndio" tupu, tumepiga hatua.

BARAKA: Inachukua muda gani mtu kujua kusoma? Freire saa 40…

REHEMA: Saa 40 zilifikisha watu kusoma na kuandika mambo mepesi. Mkataba wa kazi ni safari nyingine. Simwahidi mtu muda. Aliyefika darasa la nne akaacha ana kianzio, ambaye hajawahi kushika kalamu anaanza na vidole. Na wapo ambao herufi huwachanganya kwa namna inayohitaji mtaalamu. Huyo nawaambia wakutubi, sijifanyi daktari.

BARAKA: Msikilizaji anayetaka kujitolea?

REHEMA: Amwulize mkutubi kama kuna mpango, na kama kuna mafunzo. Kisha ajiulize kama anaweza kuitunza saa ile ile, siku ile ile, kila wiki, kwa miezi. Kama hawezi, asichukue mtu. Maktaba ina kazi nyingine, vitabu vya kupanga havikosekani, na kitabu hakikasiriki usipotokea.

BARAKA: Haya, hapo tunakomea. Maswali tutumieni, na mkipenda kutuma kwa sauti tutayapokea pia.

REHEMA: Hasa ya sauti.