Utomvu Uliovusha Habari Baharini

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Tazameni kijiti hiki chembamba. Nimepewa na daktari wa meno. Ndicho wanachozibia mzizi wa jino. Nakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto... haya, kimelegea kama nta, nakizungusha kidoleni. Kikipoa kitakakamaa hivyo hivyo. Hii ni gutapacha, utomvu wa mti wa misitu ya Malaya na Borneo.

Wengi wakisimulia habari za telegrafu ya baharini, yaani kupeleka habari kwa umeme kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, huanza na umeme. Mimi naanza na utomvu, maana kazi ngumu ilikuwa kuuzuia umeme usipotelee majini. Gutapacha haipitishi umeme, na katika giza na baridi ya chini ya bahari hukaa miaka mingi bila kuharibika.

Mwaka 1850 ndugu wawili, Jacob na John Brett, walilaza waya wa shaba uliovikwa gutapacha tupu kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa. Haukudumu. Mwaka uliofuata wakarudi na nyaya nne, kila mmoja na koti lake la gutapacha, zikafungwa kwa katani yenye lami, kisha nyaya 10 nene za chuma zikasokotwa juu yake kama kamba ya nanga. Kebo hiyo ikafanya kazi miaka na miaka.

Atlantiki ikawa jambo jingine. Agosti 1858 salamu za Malkia Victoria, maneno 98, zilizopitia kebo iliyovuka bahari hiyo, zilichukua kama saa 16 kufika Marekani. Kwa nini? Shaba ndani, gutapacha katikati, maji ya chumvi nje: vitatu hivyo pamoja ni kama mtungi wa kuwekea umeme, na mtungi wenye urefu wa bahari hauwahi kujaa wala kumwagika upesi. Mwanafizikia William Thomson alikwisha kuonya kwamba urefu ukiongezeka mara mbili, ucheleweshaji huongezeka mara nne. Dawa yake ilikuwa shaba nene, gutapacha nene, na chombo cha kupokelea chepesi kuhisi umeme hafifu: kioo kidogo kinachorusha mwale wa taa ukutani. Wildman Whitehouse, aliyesimamia umeme wa mradi, akaamini nguvu. Akaisukumia kebo iliyokuwa na kasoro tayari volti zipatazo 2,000. Ndani ya mwezi mmoja ikawa kimya. Inaniuma kila nikisoma habari hiyo, kwa kuwa jibu lilikuwa mezani.

Mwaka 1866 meli Great Eastern ililaza kebo yenye shaba iliyokaribia mara tatu ya ile ya 1858. Maneno kama 8 yakapita kwa dakika.

Huku kwetu kebo ilifika 1879, kutoka Aden hadi Zanzibar, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Waingereza waliiharakisha baada ya kushindwa na Wazulu kule Isandlwana, Afrika Kusini, mwezi Januari, habari iliyofika London baada ya wiki karibu tatu. Neno letu simu limetoka Kiajemi, sim, yaani waya.

Utomvu wenyewe ulipatikana kwa kuangusha mti mzima, kwa sababu hautiririki ukigemwa, na mti mmoja ulitoa kidogo sana. Kisiwani Singapore miti hiyo ilikuwa karibu imekwisha kabla kebo ya 1866 haijalazwa.

Kijiti nakiacha hapa mezani. Njooni mkishike, maji bado ya moto.