Jinsi ya kupima joto na msukumo wa upepo kwa mlingoti wa mita 3

Karibuni tena, watazamaji. Leo tuko kwenye uwanda wa malisho, Laikipia. Tunafunga anemometa ya mawimbi ya sauti, yaani chombo cha kupima upepo kwa sauti, ili tujue ardhi inaipa hewa joto kiasi gani, na upepo unaisukuma ardhi kwa nguvu gani.

Kabla ya kuchimba shimo, tembea kwa miguu kuelekea upepo unakotoka. Kwa kila mita 1 ya kimo cha chombo, utafute mita 100 za ardhi ya aina moja. Chombo chetu kitakaa mita 3 juu, hivyo nataka mita 300 za nyasi, bila boma wala mgunga katikati. Wanasayansi waliopima upepo na joto Kansas, Marekani, mwaka 1968 kwa mlingoti wa mita 32 walichagua shamba la ngano tambarare, na kanuni zilizotokana na vipimo vyao zinatumika mpaka leo.

Simamisha mlingoti, kaza nyaya, elekeza chombo upepo unakotoka. Sogea uone: jozi tatu za ncha zinazotazamana. Sauti inakwenda na kurudi kati ya ncha hizi. Ikifuata upepo inawahi, ikiukabili inachelewa. Tofauti hiyo inatupa kasi ya upepo. Joto tunalipata hapohapo, maana sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto.

Sasa leta pima maji, na hapa nawaomba msiharakishe. Chombo kikiinama digrii 1 tu, upepo wa mita 5 kwa sekunde utakuonyesha hewa ikipanda karibu sentimita 9 kwa sekunde, ilhali haipandi. Kompyuta inaweza kunyoosha baadaye, lakini kosa la mlingoti limalizwe mlingotini.

Weka data loga, kifaa cha kuhifadhi vipimo, irekodi mara 20 kwa sekunde, na usihifadhi wastani peke yake. Mizunguko midogo ya hewa ndiyo inayobeba joto. Ukibaki na wastani, umeitupa. Dakika 30 zitakupa mistari 36,000.

Kwa hesabu, toa wastani kwenye kasi ya wima, toa wastani kwenye joto, zidisha mabaki mstari kwa mstari, kisha tafuta wastani wake. Ukipata 0.15, zidisha kwa 1,200, yaani jouli za kupasha mita 1 ya ujazo ya hewa kwa digrii 1: hizo ni wati 180 kwa kila mita ya mraba. Unyevu huongeza kidogo joto linalosomwa kwa sauti, kwa hiyo lisahihishe. Kwa msukumo, weka kasi ya mlalo mahali pa joto.

Mchana wa jua kali jibu la joto liwe chanya. Usiku usio na mawingu, hasi. La upepo litakuwa hasi karibu muda wote, kwa sababu nyasi zinaupunguza mwendo. Alfajiri, kagua ncha: tone la umande au uzi wa buibui hukatiza sauti. Futa taratibu kwa kitambaa laini, na saa hizo zitoe kwenye hesabu.