Herufi Ndogo, Herufi Kubwa
(Mazungumzo na wanafunzi wa uuguzi, Bukavu)

Jambo zenu wote. Kilo ni elfu, mega ni milioni, mili ni sehemu moja ya elfu: hayo mliyasoma zamani, sitayarudia. Nimekuja kwa jambo lilelile ninalolisema kila mwaka, namna mnavyoyaandika.

Mwaka mmoja nilikuwa nasahihisha mtihani. Swali: mgonjwa ameandikiwa levothiroksini mikrogramu 50, na kila kidonge kina mikrogramu 50. Apewe vingapi? Mwanafunzi mmoja, katika kunakili, ile µ, alama ya mikro, yaani sehemu moja ya milioni, akaifanya m, alama ya mili. Dozi ikawa miligramu 50. Kisha akapiga hesabu vizuri sana, bila kosa hata moja, akaniandikia: vidonge 1,000. Akapiga na mistari miwili chini ya jibu! Vidonge elfu moja, wapendwa, kwa mtu mmoja, na hakushtuka. Karatasi ile ninayo hadi leo. Ndiyo maana sitaki kuona µ ya mkono kwenye fishi ya mgonjwa. Andika mcg, au andika neno zima, wino haukosi.

Mtaniambia: Mwalimu, mbona kule Kadutu mifuko ya simenti inaandikwa 50 KG na hakuna aliyekufa? Kweli. Lakini mfuko unauona, unaubeba, mgongo wenyewe unakuambia. Dawa iliyo ndani ya ampulu haikuambii kitu. Usiku, taa hafifu, daktari amelala: shahidi wako ni herufi peke yake. Na hiyo K kubwa ni kelvini, kipimo cha joto. Kilo ni k ndogo, hata kwenye simenti.

Tena m na M! Santrali yetu ya umeme ya Ruzizi I ina uwezo wa karibu MW 30, yaani megawati. Ukiniandikia mW 30, yaani miliwati, umeipunguza mara bilioni moja. Itawasha kitaa kimoja chekundu cha redio, na Bukavu yote gizani.

Nilitaka tufike kwenye rona na kweta, ndugu wa kilo na mega kwa namba kubwa mno, zilizoongezwa mwaka 2022, na kwenye giga za simu zenu, lakini naonyeshwa saa pale mlangoni. Someni wenyewe. Sasa toeni madaftari. Asidi foliki ya mama mjamzito, miligramu 0.4 kwa siku: ni mikrogramu ngapi? Neno zima, tafadhali. Nitapita kusoma mmoja mmoja.