Dagaa, Simu na Shilingi Mia Tano

Mwakeye nyote. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na tayari namwona anatazama saa, kwa hiyo historia ya kompyuta tunairuka. Wa Kibirizi mlionisikia mwaka jana, nivumilieni. Hii hesabu ya bei ya kungoja malipo nitaisema mpaka muache kuliwa.

Mwaka ule nilipojitia kwenye dagaa, mtaji wote ulikuwa wa mkopo, riba asilimia 5 kwa mwezi. Kilo moja, pamoja na gunia, ushuru na nauli ya treni, ilinifikisha Dar kwa 19,500. Tajiri wa Kariakoo akasema 21,000, taslimu. Nikakaza. Nikabeba begi hadi mlangoni, nikageuka, mnaujua mchezo. Akapanda: "Haya, 21,500, ila nakulipa baada ya miezi miwili." Nikampa mkono huku moyoni nacheka. Mia tano nzima kwenye kila kilo! Jioni nikaagiza kuku.

Toeni simu. Fungueni jedwali la hesabu: Excel, au lile la Google la bure, lolote. Mstari wa kwanza gharama, wa pili riba ya mwezi, 975, wa tatu miezi, wa nne bei. Wa tano kanuni: bei, toa gharama, toa riba mara miezi. Weka miezi sifuri, bei 21,000. Faida 1,500. Sasa weka miezi 2, bei 21,500. Riba imekula 1,950. Imebaki ngapi? Hamsini! Kwa kilo zangu 1,000, milioni moja na nusu nimeigeuza elfu hamsini, na kuku nimeshamla. Tena alilipa mwezi wa tatu. Weka 3 muone alama ya kutoa.

Mtasema, "Mwalimu, tajiri hatangoja nibonyeze simu." Nani kasema ubonyeze mbele yake? Unabonyeza kwenye treni. Kutoka hapa Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, muda unao. Halafu unaiuliza kinyumenyume: nikingoja miezi miwili, bei ipi inanirudishia ile 1,500? Jibu 22,950. Excel ya kompyuta ina Goal Seek kwa kazi hiyo hiyo. Namba hiyo iandike kiganjani. Akitaja miezi miwili humkatalii wala hununi, unamtajia 22,950, unanyamaza.

Na yule anayenong'ona pale kwamba babu zetu wa Ujiji hawakuwa na Excel: babu zako misafara yao iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Unguja, akina Taria Topan. Unadhani Taria hakujua bei ya kungoja?

Haya, haraka. Kuna Monte Carlo, aliyoiwaza mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946 akiugulia na kucheza karata peke yake: kompyuta inayacheza mauzo yako mara elfu, kila mara na ucheleweshaji wake, uone mangapi yanaishia hasara. Hiyo siku nyingine. Wa Kalemie na Bujumbura, ubadilishaji wa faranga uongezeeni mstari wake. Mawese sikuyagusa, najua, msinitazame hivyo.

Namaliza, mwenyekiti. Mama wa mbele, hiyo gharama yako mbona haina gunia? Futa, anza upya.