Mzee Hayupo, Kambi Ibaki Mikononi mwa Nani?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, na watoto mliokaa hapa mbele hamjambo? Asanteni kwa kuja Moshi, najua kuna waliotoka Arusha alfajiri na wengine wamefunga maduka yao.

Tangu tumzike Mzee, aliyekuwa akituongoza kwenye kambi zetu za familia, kila nikikutana na mtu wa klabu yetu ya kambi ananiuliza, kambi zitaendelea kweli? Zitaendelea, ila lazima tukubali kwamba vitu vyote alivishika yeye, turubai liko kwa nani, mtoto gani ana pumu, vyuma vya tenti vimebaki wapi, hata hela ya michango ilikaa kwenye laini yake ya simu, sasa mtu akishafariki ile laini huigusi hivi hivi mpaka familia ifuate taratibu za mirathi, na watu bado wako kwenye matanga, unaanzaje kumuuliza mjane habari za hela ya kambi? Iliniuma sana. Naomba tufungue akaunti ya kikundi, waweka saini watatu wa familia tatu tofauti, hilo liishe.

Lakini hela siyo desturi. Desturi ni lile la Jumapili, kabla hatujang'oa vigingi, waliokwaruzana wanaitwa, mmoja anampa mwenzake jani la isale, ule mmea wetu wa kuombea msamaha, yameisha, harudi mtu nyumbani na kinyongo. Sisi Wachaga tunajua isale likishaletwa msamaha haukataliwi, Mzee alilitoa kihambani, kule kwenye shamba la ukoo, akalileta kwenye tenti. Nimeshaona ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani kwa ajili ya mpaka wa shamba wanapokezana lile jani mbele ya watoto wao, mikono inatetemeka, halafu wanaenda kukunja tenti moja pamoja. Sasa niulize, wangapi hapa mtoto wako anajua kwa nini ni isale na siyo jani la mgomba? Hapo ndipo tutakapoipoteza hii kitu, wala siyo kwenye hela.

Angalieni skauti. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alipiga ile kambi ya kwanza kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, akafariki 1941, kaburi lake liko Nyeri hapo Kenya tu, na skauti mpaka leo wapo mashuleni kwetu. Mimi naona ni kwa sababu tangu kambi ileile aliwagawa wavulana vikundi vidogo na kila kikundi kikaongozwa na kijana mwenzao. Hakusubiri azeeke ndo aanze kuachia.

Kwa hiyo napendekeza kazi za Mzee tuwape vijana, tena kazi zenyewe kabisa, siyo kushika tochi. Mfano tenti. Ikifungwa mbichi inaota ukungu, inanuka, na ule utando wa ndani unaozuia maji unaanza kubanduka, ndo maana Mzee alikuwa akirudi anazianika tena uani kwake hata kama kule kambini jua liliwaka. Kijana wa sekondari anaiweza kazi hiyo, ila akishapewa asisimamiwe na wajomba wanne.

Kuna wanaotaka kila kitu kibaki vilevile alivyofanya, nawaelewa, ni mapenzi. Ila Mzee mwenyewe alikuwa anabadilisha, tulianza na kuni akahamia gesi, maana hifadhini kuni haziokotwi, na hakuna aliyesema ameharibu kambi.

Julai tunaenda Momella, kule Hifadhi ya Arusha. Baridi ya kule mnaijua, njooni na mablanketi ya ukweli, na usiku asiende mtu chooni peke yake, nyati wanapita karibu na kambi. Sufuria la machalari, zile ndizi zetu za nyama, liko kwa Mama, mjane wa Mzee, amesema tulichukue na yeye anakuja nalo, kwa sababu haamini kama tunajua ndizi zinaingia lini. Isale ataleta bibi wa Marangu na atakaa na watoto Jumamosi jioni awaeleze.

Haya, tenti anachukua nani? Vijana, naomba mikono juu.