Tarehe Nne Oktoba kwa Kiingereza

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie tarehe za Kiingereza, maana wengi wenu mtaajiriwa maghalani, bandarini au kwenye vyama vya ushirika hapa Mtwara, na huko karatasi za Kiingereza haziishi.

Tazameni ubaoni: 4/10/2024. Mtu wa hapa ataisoma Oktoba, minada ya korosho inakaribia. Mwingereza naye ataisoma hivyo. Mmarekani ataona tarehe 10 Aprili, wakati mikorosho yetu haijatoa hata ua. Wao hutanguliza mwezi.

Wengi wetu hatujawahi kuumwa na jambo hili, na sababu ipo. Korosho ghafi zetu nyingi huenda India na Vietnam, na huko kote hutanguliza siku kama sisi. Isitoshe, sikukuu zetu zimetudekeza: Saba Saba ni 7/7, na Nane Nane, ile tunayoendea Ngongo kule Lindi, ni 8/8. Zisome kuanzia upande wowote, hazibadiliki! Siku ikizidi 12 utata hakuna, kwani mwezi wa 13 haupo. Lakini kila mwaka zinabaki tarehe 132 ambazo zikisomwa kwa njia zote mbili zinaleta maana, na hizo ndizo za kuogopa kwenye mkataba.

Basi mwezi uandikeni kwa herufi: 4 October 2024. Upo pia mtindo wa kimataifa, ISO 8601 ya mwaka 1988, unaoanza na mwaka: 2024-10-04. Kwa majina ya mafaili ya kompyuta naupenda, yanajipanga yenyewe. Kwenye barua, kwa maoni yangu, unakauka mno.

Tukija kwenye kutamka, hapo ndipo tunapoumbuka. Karatasini ni "4 October", kinywani ni "the fourth of October". Hiyo "the" na hiyo "of" haziandikwi, ila husemwa. Kwa kuwa sisi husema tarehe nne, ulimi unakimbilia "four October". Mmarekani huandika "October 4, 2024", na mkato baada ya siku, kisha husema "October fourth". Na hao hao sikukuu yao ya uhuru huiita "the Fourth of July". Msiniulize kwa nini.

Ukitaka kuweka viambishi vya mpangilio, 1, 21 na 31 huchukua "st", 2 na 22 "nd", 3 na 23 "rd". Zilizobaki zote ni "th", pamoja na 11, 12 na 13. "11st" mnaiona kila siku kwenye kadi za harusi. Iacheni huko huko. Na "ninth" haina "e".

Dada pale nyuma anauliza kama aandike "on date 4 October". Hapana, dada yangu, "date" itoe. Ni "on 4 October". Ukitaja mwezi peke yake, "in October". Mwaka, "in 2024".

Na miaka? 1961 ni "nineteen sixty-one". 2005 Mwingereza husema "two thousand and five", Mmarekani mara nyingi huiruka "and". 2024 wengi sasa husema "twenty twenty-four", ingawa "two thousand and twenty-four" si kosa.