Kubadili injini ya pikipiki iliyokaza, uwani kwako

Habari zenu wadau. Leo tunatoa injini iliyokaza kwenye pikipiki ya Kichina ya cc 125, ile injini ya CG iliyojaa hapa Mbeya kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, na tunafunga mpya. Hatuna winchi wala stendi ya gereji. Tuna turubai, kreti mbili za soda, spana namba 8 hadi 17, rachi na boksi zake, na spana ya plagi. Injini ina karibu kilo 30, kwa hiyo mwite mtu mmoja akusaidie kuinua na kukanyaga breki. Kwingine unatosha peke yako.

Kwanza hakikisha imekaza kweli. Kiki kugoma hakutoshi, maana kiki yenyewe inaweza kuwa imekwama. Weka nyutro, toa plagi, fungua kifuniko cha kushoto, weka boksi kwenye magneti uzungushe kinyume cha saa. Ikizunguka, usinunue injini. Tafuta shida kwenye kiki au stata. Hii yetu, tazama, haisogei hata kidogo.

Sasa mwaga oili kwenye beseni jeupe. Jeupe, ndugu yangu, ili uone kilichomo. Haijafika hata nusu lita, nyeusi, na vile vinavyometa ni vyuma vilivyosagika. Injini hii inataka karibu lita moja. Pandisha mlima wa Kawetire na magunia ya viazi nyuma huku oili iko nusu, pistoni inapanuka kwa joto na kung'ang'ania ukuta wa silinda. Lazima uijue sababu kabla ya kufunga injini mpya, la sivyo na hiyo utaizika. Sababu nyingine mbili za kukagua ni chujio la hewa lililochanika, linaloingiza vumbi, na upepo unaopenya pembeni ya kabureta. Huo upepo tutaurudia.

Kununua: nenda dukani na namba ya injini ya zamani. Hakikisha unapewa CG, yenye fimbo za kusukuma vali, siyo ile yenye cheni ndani. Matundu ya kufungia yanaweza yasifanane. Linganisha pia soketi ya waya na idadi ya meno ya spoketi ndogo.

Kufungua haraka haraka: toa waya hasi wa betri, tangi, kabureta, waya wa klachi, pedali ya geya, kifuniko cha spoketi. Spoketi ina kibati chenye bolti mbili namba 10. Zilegeze wakati cheni bado ipo na msaidizi amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, spoketi itazunguka tu na spana.

Eksozi. Ngoja, mpiga picha sogea hapa. Mnaona? Nati inazunguka pamoja na stadi yake, ile bolti isiyo na kichwa iliyochomekwa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Usilazimishe. Stadi ikitoka nzima, kwa leo si msiba, kwa sababu hedi hii inaondoka. Ila ukiikata ikiwa kwenye hedi unayotaka kuitumia tena, hapo utahitaji fundi wa kuchimba. Pulizia dawa ya kutu, ipe robo saa, gonga kidogo na mbao, kisha kaza kwanza robo mzunguko ndipo ulegeze. Haya, imeachia.

Waya: piga picha kwa simu kabla hujachomoa hata mmoja. Rangi za injini mpya mara nyingine zinatofautiana na za zamani, na picha ndiyo itakayokuokoa. Kumbuka waya wa bodi unaofungwa kwenye injini. Ukiusahau, umeme wa stata utatafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa klachi, na utaona unatoa moshi.

Weka kreti chini ya injini, chomoa bolti zinazoshika injini kwenye fremu: za juu karibu na hedi, za mbele, mwisho za nyuma. Bolti ikikataa kutoka, haijabanwa na kutu tu, imebeba uzito. Inua injini kidogo, itateleza. Fremu hii inatolea kulia.

Kuingiza mpya: usitoe vile vifuniko vya plastiki kwenye tundu la kabureta na la eksozi. Viache mpaka unapofunga kabureta na eksozi. Nati moja ikidondokea humo umeharibu injini ambayo haijawaka. Ingiza bolti zote kwa mkono, zipite bila kugongwa, ndipo ukaze. Ukikaza moja mapema, ya mwisho haitaona tundu. Cheni iache icheze milimita 20 hadi 30.

Sasa kabureta, na hapa nitarudia mpaka mnichoke. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cheusi kigumu na ringi za mpira. Weka ringi mpya. Zile za zamani zimeshakuwa bapa, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na injini. Kaza bolti mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Usikaze kwa hasira! Uso wa kabureta ni laini, ukikaza kupita kiasi unapinda katikati, upepo unaingia, petroli inakuwa chache kuliko hewa, joto linapanda, pistoni inakaza tena. Kidogo huku, kidogo kule. Ikishawaka, puliza maji kidogo pale kwenye maungio. Mlio ukibadilika, upepo unapita, fungua urudie.

Oili. Injini nyingi mpya zinakuja kavu kabisa. Usiguse stata kabla ya oili. Mimina ya pikipiki, ama 10W-40 ama 20W-50, mpaka alama ya juu ya kijiti. Ya gari hapana. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili nyingi za gari zinaifanya iteleze. Kisha, plagi ikiwa nje, piga kiki taratibu mara thelathini hivi ili pampu ipandishe oili juu. Nimesema oili kwanza? Narudia: oili kwanza.

Tapeti, yaani nafasi ya vali, pima injini ikiwa baridi, alama ya T kwenye magneti ikiwa imelingana na vali zote mbili zimefunga: milimita 0.08. Nyingi zinatoka kiwandani zimebana. Mwanya wa plagi milimita 0.6 hadi 0.7.

Washa. Asubuhi za Juni hapa zinahitaji choki; irudishe choki injini ikipata joto. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa kwa Dar itamwaga petroli nyingi. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, pandisha klipu ya sindano iliyo ndani ya kabureta ngazi moja. Sindano itashuka na petroli itapungua. Ngazi moja tu, kisha tazama plagi tena.

Kilomita 500 za mwanzo usibebe mzigo mlimani, usishikilie mwendo mmoja muda mrefu, na oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 300. Mimi napenda hata mapema zaidi, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo inayobeba vyuma vya kusagana. Bolti za injini zikague tena baada ya siku ya kwanza barabarani, injini ikiwa imepoa.

Na kadi: namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Tunza risiti ya injini mpya na uende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha taarifa kabla hujakutana na trafiki. Ringi za kabureta na gasketi za eksozi za CG ninazo, niandikieni hapo chini mkitaja cc.